Wanawake wa Ubavuni

Wasemao kwamba nchi zote zimekwisha kutembelewa hawajafika Ubavuni. Wala si kosa lao, maana hakuna njia inayoelekea huko. Mtu hulala kwake na mawazo yake, akaamka yuko kule, na viatu vyake vimepangwa mlangoni kana kwamba alikuwa anatarajiwa.

Ndivyo alivyofika Mbaruku bin Dadi, mchoraji wa vibao vya saluni, mtu wa makamo, mpole, mwenye rangi chini ya kucha isiyotoka hata siku ya Idi. Kwao Tanga alikuwa na jina. Wanawake aliowachora walikuwa na shingo ndefu, nywele za kung'aa, na macho yanayotazama mahali ambapo hapana mtu. Watu wakimwambia, "Mbaruku, wanawake wako hawana kasoro," aliitikia asante, bila kuuliza zaidi.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya mapaa kama paka. Mbaruku akatoka, akasimama barazani, akaona jambo ambalo mwanzoni hakulipatia jina. Wanaume walipita wakienda mbele kama watu wa popote. Wanawake walipita kiubavu. Kila mmoja alimwonyesha mpita njia shavu lake la kushoto, na juu ya shavu hilo alikuwa amejipaka doa la kijani. Walikwenda polepole, vikapu vichwani, kama watembeao chini ya maji, na mara kwa mara mmoja wao aligonga goti kwenye nguzo asiyoiona, akaendelea bila kugeuza uso. Wawili wakitaka kuzungumza walisimama wakitazama upande mmoja, kama watu wanaongoja mvua, na maneno yao yakapita mbele yao bila kukutana.

"Wewe ndiye mchoraji," sauti ikasema. Alikuwa mtu mwembamba, nadhifu, ameshika kamba ya kupimia yenye mafundo. "Mimi ni Chande, Mkaguzi wa Nyuso. Sifa zako zimetufikia. Tumeambiwa wanawake wako hawageuki."

Mbaruku hakujua kama hiyo ilikuwa sifa, lakini alishukuru.

Chande akampeleka Nyumba ya Mfano, jengo refu lililokuwa katikati ya mji. Kwenye ukuta wa ndani palikuwa na picha ya mwanamke, ya kale sana, imechorwa kutoka ubavuni: jicho moja, shavu moja, nusu ya mdomo. Unyevu ulikuwa umeingia ukutani, na shavu lile lilikuwa limeota ukungu wa kijani.

"Huyu ndiye Mfano," Chande akasema, akishusha sauti. "Kila mwanamke wa nchi hii hufanana naye. Asiyefanana hufananishwa."

"Na lile doa la kijani?"

"Hapo ndipo penye mgogoro. Wapo wasemao doa si la picha, ni la ukuta. Hao tunawaita Watu wa Rangi. Wapo wasemao kilichoota juu ya uzuri ni sehemu ya uzuri. Hao ni Watu wa Ukungu, nao walishinda kwa kura. Wanawake wakaanza kujipaka." Akakohoa. "Tatizo ni kwamba mvua hizi ukungu umefika ukingoni mwa jicho. Jicho likipotea, itabidi wanawake wafumbe macho. Hata Watu wa Ukungu wameona kwamba chakula kitaungua."

Kwa hiyo walihitaji picha mpya, na kwa hiyo yeye alikuwa pale.

Baraza la Mfano likakaa siku hiyo hiyo. Mwenyekiti wake, Mwinyi Tajo, alikuwa mzee mwenye sauti laini ya kubembelezea watoto. "Bwana Mchoraji," alisema, "mchoraji wa kale alichora kwa kuangalia, na unaona taabu iliyotupata. Wewe utachora kwa kusikia. Wajumbe watakutajia misemo ya wazee wetu juu ya mwanamke, nawe utaifuata."

Mjumbe mmoja akasimama. "Mwanamke ni taa. Macho yang'ae."

"Mwanamke ni kivuli," akasema aliyemfuata. "Macho yafifie."

"Mwanamke ni mwiba uliovikwa ua."

"Mwanamke ni mto, humjui alikotoka."

Mjumbe mmoja mnene, aliyekuwa akisinzia, akagutushwa ili naye achangie. Akasema, "Mwanamke ni mama yangu." Wakamweleza kwa heshima kwamba huo si msemo. Akaketi, akifuta macho.

Walibishana sana juu ya mdomo, kama uwe wazi au uwe umefungwa, wakaafikiana uwe mdomo unaoelekea kufungwa. Mbaruku aliyapokea yote, akayachanganya kichwani kama rangi, mpaka akakwama.

"Waheshimiwa, na sikio?"

Misemo ikapekuliwa kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Ulimi wa mwanamke ulikuwa na misemo yake, kiuno kilikuwa na yake, hata kisigino. Sikio halikuwa na hata mmoja.

"Tusiliweke," mmoja akashauri.

"Bila sikio atatusikiaje?" Mwinyi Tajo akauliza, na hapo kila mtu akaona uzito wa jambo.

Ikaamuliwa kwamba mchoraji aruhusiwe kutazama sikio la mwanamke mmoja, sikio tu, na mwanamke huyo awe ambaye amekwisha kuharibika. Palikuwa na mmoja kizuizini, Sikudhani binti Nyange, aliyekuwa akingoja kupelekwa Bonde la Kunyooshwa. Hukumu yake ilikuwa imesimamishwa mpaka picha mpya ikamilike, ili ajulikane amepungukiwa kiasi gani.

Wakamweka nyuma ya pazia zito lenye tundu moja. Chande alilipima tundu mwenyewe, kisha akatoka kukaa nje, maana sheria ilimkataza mkaguzi kukaa chumba kimoja na uso wenye kesi.

Sikio likatokea kwenye tundu. Mbaruku akashika brashi.

"Fundi," sauti ikasema nyuma ya pazia, "fanya haraka. Sikio lina baridi."

"Samahani, bibie. Sijawahi kuchora sikio." Na maneno hayo yakamshangaza mwenyewe, kwa kuwa yalikuwa kweli. Maisha yake yote alikuwa akiyafunika masikio kwa nywele, kwa sababu masikio ni magumu.

Akachora kidogo. Hatimaye akauliza, "Kosa lako lilikuwa nini?"

"Niligeuka."

"Basi?"

"Basi. Mwanangu Mize aliteleza kisimani, akaniita. Ukiitwa na mtoto hukumbuki una upande gani. Nilimgeukia kwa macho yote mawili, na Bwana Chande alikuwa amesimama pale pale na kamba yake."

"Mtoto alipona?"

"Wewe ndiye mtu wa kwanza kuniuliza hilo. Alipona. Nilimdaka mkono."

Mbaruku akatazama sikio, kisha alichokuwa amekichora, akaona havifanani tena. Sikio lilikuwa limebadilika alipokuwa akisema. Akafuta, akaanza upya. Akamwuliza juu ya Bonde.

"Ni kuta mbili, fundi. Katikati yake mtu hupita kwa ubavu tu. Dada yangu alikaa humo masika mazima. Aliporudi nilimwuliza, 'Umeamkaje?' Akanijibu, 'Kama watakavyo.'"

Sikio likabadilika tena. Mbaruku akafuta tena.

"Bibie, sikio halikai peke yake. Linashikwa na shavu."

"Si una wembe wa kuchongea kalamu? Pasua."

"Sheria imesema tundu."

"Tundu likikua bado ni tundu."

Akapasua kidogo apate shavu. Shavu likataka jicho, jicho likataka jicho la pili, na kabla hajajua alilolifanya, pazia lilikuwa chini na mwanamke amekaa mbele yake, uso mzima. Upande wake wa kulia haukufanana na wa kushoto. Kope la kulia lilikuwa zito kidogo, kana kwamba jicho limeuliza swali na linangoja. Kwenye nyusi palikuwa na kovu.

"Nilianguka mperani utotoni," Sikudhani alisema alipoona anapatazama. "Usishangae. Upande huu hata mume wangu hajauona."

"Hata nyumbani?"

"Nyumbani ndiko sheria inakofuatwa kuliko kote. Faki ni mtu mwema, fundi. Lakini wema wake wote ameuelekeza kwenye shavu la kushoto."

Mbaruku akacheka, naye akacheka, na kila alipocheka ikabidi mdomo uchorwe upya. Sikudhani akamsimulia mambo ambayo wanawake wa Ubavuni husimuliana jikoni. Kwamba yule wa kwanza, wa ukutani, hakukaa achorwe. Alikuwa akipita na ndoo yake, ana haraka. Mchoraji alimwita ageuke, naye hakugeuka, alikuwa na shughuli zake. "Akamchora vivyo hivyo alivyokuwa akipita," alisema Sikudhani. "Sasa vizazi na vizazi tunaiga haraka ya mtu mmoja."

Picha ilipohamishiwa ukutani, juu ya ile ya zamani iliyopakwa chokaa, Baraza likaja kuitazama. Mwanamke wa ukutani alikuwa akiwatazama.

"Anamtazama nani?" Mwinyi Tajo akanong'ona.

"Ananitazama mimi," akasema mjumbe wa taa, akahama. "Bado ananitazama."

"Hapana, ni mimi," akasema wa kivuli. "Na najua anataka kusema nini. Mwambieni nilikusudia kurudi."

Yule mnene alikuwa akitabasamu kama mtoto.

"Bwana Mchoraji," Mwinyi Tajo akasema, "hii imetoka kwenye misemo yetu?"

"Yote imo humo, mheshimiwa," Mbaruku akadanganya. "Nimeichanganya tu."

Akaitwa Faki, mume wa Sikudhani, ili ashuhudie mkewe alivyopungukiwa. Alikuwa mtu mrefu, amekonda kwa huzuni, kofia ameikunja mkononi.

"Faki, unamfahamu huyu wa ukutani?"

Faki akatazama sana. "Simjui, mheshimiwa. Sijapata kumwona popote." Kisha akaongeza taratibu, "Ningependa kumjua."

Hapo Sikudhani, aliyekuwa amesimamishwa kiubavu karibu na mlango, akageuka. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Chande akakimbia na kamba yake, akapima ukuta, akapima uso, akapima tena, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayesoma hati: "Mshtakiwa hana upungufu."

Sikudhani hakumtazama Chande. Alimtazama mumewe, na Faki, masikini, alikuwa ameinamisha kichwa.

Mfano mpya ukatangazwa. Kulipokucha wanawake wa Ubavuni wakageuza nyuso zao mbele, na shingo zikalia kama milango iliyosahaulika. Walicheka njiani kwa kuonana. Walioishi nyumba jirani tangu utotoni walisimama wakaamkiana upya. Mbaruku alitembea katika ukungu ule akiwa kama mtu aliyemeza mwanga, akalala usingizi wa mshindi.

Lakini tabia ya mwanadamu hailali. Hazikupita siku nyingi Mbaruku akaona sokoni wanawake wamejichora makaa kwenye nyusi ya kulia, mahali pa kovu. Wengine walitembea wakilegeza kope moja kwa uzi uliobandikwa. Kisha makaa yakaonekana ni udanganyifu, kwa kuwa mvua iliyafuta, na mbele ya duka moja Mbaruku akaona foleni ya mabinti. Duka lile liliuza nyembe.

Jioni ile Sikudhani alimjia, amemshika mkono mwanawe Mize, msichana mdogo. Kitambaa kilichofungwa kwenye nyusi ya mtoto kilikuwa kimelowa damu.

"Nimemkuta na wembe," Sikudhani alisema. "Ananiambia, 'Mama, nataka kuwa sahihi kama wewe.'"

Mbaruku akakitazama kile kitambaa.

"Unajua mimi naishije sasa? Bwana Chande hunijia kila asubuhi. Nisicheke sana, nitapata mkunjo. Nisikae juani, nitabadilika rangi. Mimi ndiye sahihi, fundi. Nikizeeka mimi, nchi nzima imekosea. Umeniokoa na Bonde ukanitia ukutani."

"Nilichora ukweli," Mbaruku akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ulichora ukweli wa siku ile. Nilikuwa nimekasirika kidogo, na nilikuwa nasikia baridi. Sasa nchi nzima imekasirika kidogo na inasikia baridi."

"Nitachora mwingine. Nitawachora wengi, wote, nitajaza kuta."

"Na watakaozaliwa kesho?"

Mbaruku akaketi chini. Alitazama mikono yake. "Dada yangu," akasema, "vibao nilivyochora sivihesabu. Hii ndiyo kazi pekee niliyopata kuifanya."

"Najua," Sikudhani akasema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikalainika. "Ndiyo maana nimekuja kukuomba uifute. Ndoo ya chokaa ningeiiba mwenyewe."

Walikwenda mchana, Baraza likiwa limekaa, kwa sababu Sikudhani alikataa jambo hilo lifanywe kwa siri. Yeye akashika ngazi. Mbaruku akapanda, na brashi yake pana inadondosha chokaa. Alianza na macho, maana alijua hataweza kama yanamtazama. Baada ya macho, mdomo. Sikio aliliacha la mwisho. Akalitazama, hilo aliloliona kwanza kuliko vyote, lililomfundisha kazi akiwa amekwisha kuwa fundi. Akalipaka.

Wajumbe walikuwa wamesimama juu ya viti. "Mkamateni!" mmoja alipiga kelele, na mwingine, "Mwacheni, ataanguka juu ya wazee!"

Mwinyi Tajo akagonga meza mpaka pakatulia. Uso wake ulikuwa umepauka. "Tufikiri kwa sheria," akasema. "Wanawake lazima wafanane na kilichoko ukutani. Ukutani hamna kitu. Basi wanawake wawe namna gani?"

"Wapakwe chokaa," Chande akasema mara moja.

Ukumbini pakapita baridi. Wanawake waliokuwa wamejaa mlangoni wakashikana mikono. Mjumbe wa kivuli akasema labda sheria inataka wasionekane kabisa. Wa taa akasema huenda maana yake ni kwamba hawapo. Mbaruku alikuwa bado juu ya ngazi. Hakuwa amelifikiria hilo.

Sikudhani akaiachia ngazi, akasonga mbele. "Mwinyi," alisema, "picha ikiwa mbichi huhukumiwa?"

"Haihukumiwi. Sheria ya kale: Mfano ni mfano ukikauka."

"Basi shika ukuta."

Mwinyi Tajo akashuka kitini, akaenda, akagusa ukuta kwa kidole. Kidole kikarudi cheupe. Akakitazama muda mrefu, na Mbaruku, kutoka juu, aliona jambo ambalo pengine hakuna mwingine aliyeliona: mzee alikuwa amefarijika.

"Bado mbichi," akatangaza. "Mpaka utakapokauka, kila mwanamke atakaa na uso aliokuja nao."

Na ukungu wa Ubavuni hauachi kitu kikauke upesi. Kila asubuhi Baraza lilikwenda likagusa, kila asubuhi kidole kikarudi cheupe. Chande alilalamika kwamba ukuta ulikuwa na unyevu usio wa kawaida. Akaweka mlinzi, akamteua yule mjumbe mnene kwa kuwa hakuwahi kushukiwa kuwa na fikra. Mjumbe huyo alilinda kwa uaminifu, bilauri ya maji mkononi, na ukuta haukukauka.

Mbaruku aliamriwa aondoke nchini na asirudi, amri ambayo hakujua ataitii vipi, maana hakujua alikujaje. Alipokuwa akipita na mkoba wake, njia ikamfikisha mlangoni kwa Faki. Faki alikuwa barazani akichambua mchele, na kutoka ndani sauti ya Sikudhani ilikuwa ikimgombeza kwa jambo la kuni mbichi.

"Hata hivyo zinawaka!" Faki akajibu.

Sikudhani akatokea mlangoni, moshi umemtoa machozi, uso wote kwa mumewe. "Zinawaka? Njoo uone zinavyowaka!" Akamwona Mbaruku, akamwinamishia kichwa. Mize alikuwa nyuma yake, kidonda kimeanza kupona. Kisha wakarudi jikoni.

Faki akabaki akitazama pale mlangoni. "Unaona lile jicho la kulia?" alinong'ona. "Akikasirika halikasiriki. La kushoto linanifokea, la kulia linanicheka. Miaka yote hiyo nilikuwa nikigombana na nusu." Akapepeta mchele kidogo, kisha akauliza kama mtu aulizaye habari za mazao: "Fundi, huko kwenu wanawake nao wana pande mbili?"

Mbaruku akafungua mdomo ajibu. Alikuwa na majibu mengi, ya barazani, ya mezani, yale ambayo wanaume hupeana bila kuyapima. Yote yakamtoka kichwani.

"Sijui, ndugu yangu," akasema. "Sijaangalia."

Faki hakumcheka. Alisogea kwenye mkeka, akapigapiga kwa kiganja mahali pa kukaa. "Basi kaa kwanza ule," akasema, "kisha uende ukaangalie."